Mtihani wa Kusema

Jumapili, 27 Mei 1962

Magongo, ng'ambo ya kisiwa cha bandari. Leo yatimia miaka thelathini na mmoja tangu nitoke Siyu. Siku ile nilimwambia baba, mbele ya wanafunzi wake wa chuo cha Kurani, kwamba sitaukanyaga tena mji ule bila shahada ya chuo kikuu. Baba alicheka. Mwaka wa nne akafa. Aliyebaki ni dada yangu Mwanarusi, ndani ya nyumba ile, peke yake.

Somo nililokutana nalo ni Kihispania — kwa posta, na kwa vitabu vya sanduku lililokosa mwenyewe katika ghala nilimokuwa karani. Makarani wenzangu waliuliza: lugha ya nani hapa? Lakini nilipofungua kitabu cha kwanza nilikuta maneno yetu humo ndani, sukari na zaituni, yamevaa nguo za ugenini. Sikukiachia tena.

Miaka tisa. Karatasi zote za kuandika nimefaulu: mashairi, tamthilia, historia, mila zao. Umebaki mtihani wa kusema, tarehe 13 Juni. Muda niliopewa waisha mwaka huu. Na sijapata kuisikia lugha hii kinywani mwa mtu.

Jumatano, 30 Mei

Barua ya Mwanarusi, kwa khati yetu ya Kiarabu. Moyo wamwenda mbio, hapandi tena ngazi. Aniita nije: "Ndoo, kaka. Ndoo na mikono mitupu." Nimemjibu: mtihani kwanza. Wiki mbili tu.

Jumamosi, 2 Juni

Nahifadhi. Kila ukurasa kama tulivyohifadhi juzuu kwa baba: kwa sauti, kwa mahadhi, mwili ukiyumba. Sijui njia nyingine ya kuyatia maneno kichwani. Jirani yangu Baya, kuli wa bandarini, aliniuliza kupitia ukutani kama nimeingia tarika mpya. Nikamwambia hii ni hadithi ya mume mwenye wivu.

"Basi mzee, mbona wamwimbia kana kwamba keshazikwa?"

Jumatano, 6 Juni

Baya kaniletea Mhispania! Baharia wa meli inayopakia katani, mtu mzima, ndevu nyeupe. Nikampa chai ya tangawizi, nikamsomea ukurasa wangu ulio bora. Akavua kofia. Akainamisha kichwa. Nilipomaliza alimuuliza Baya, kwa Kiingereza cha kubahatisha, ni nani aliyekufa.

Baya alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikampa yule baharia kitabu, asome yeye ukurasa ule ule, niujuao tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho. Alisoma kama mtu amwagaye kunde sufuriani. Sikushika neno. Hata moja.

Ijumaa, 8 Juni

Meli imeondoka. Sikusoma. Chakula sikukigusa.

Jumatano, 13 Juni

Chumba kidogo cha ofisi, kisiwani. Mtahini ni mama wa Kizungu kutoka Nairobi, mpole. Akanisemesha. Nikamwomba arudie. Alirudia taratibu, mara tatu. Nilisikia sauti tu. Mwisho akachukua karatasi, akaliandika swali. Jepesi mno: nieleze nyumba ya kwenu.

Maneno nilikuwa nayo yote. Mlango, ua, kisima, ngazi, dari ya boriti. Nikafungua kinywa nianze na mlango. Waelekea wapi — msikitini au pwani? Ngazi, ukiingia, iko mkono wa kulia au wa kushoto? Nimeipanda miaka ishirini na minane. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Yule mama alidhani nimepotewa na neno, akaninong'oneza: mlango, kwa Kihispania. Neno ninalo, bibi; nyumba ndiyo siioni.

Kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba asikitika sana. Kusoma nasoma kama mwanachuoni, lakini kusema, hakuna alichosikia cha kukipima.

Alhamisi, 14 Juni

Nimejaribu kuichora. Karatasi sita. Nyumba sita, hakuna mbili zilizofanana.

Jumamosi, 16 Juni

Baya alisema nimwandikie dada kwa Kihispania, atajuaje kama nimeanguka? Kisha akaniona uso. "Niwie radhi, mzee. Mimi na ulimi wangu."

Jibu la Mwanarusi limefika. Shahada haitaki, hata nikiipata. Amekitoa vyombo chumba changu, amekitandika. Asema nikifika nisibishe hodi, kuinuka ni tabu kwake. Niingie tu moja kwa moja hata chumbani, njia naijua.

Kalama, dereva wa basi la kaskazini, yuko mlangoni. Aliyeleta barua ndiye atakayechukua jibu, au atanichukua mimi. Injini hajaizima. Baya keshanifungia mkoba, kauweka kizingitini. "Nenda, mzee. Dada ni dada." Nimesema ndiyo. Nimesema nangoja wino ukauke.

Nimeandika salamu, na mstari mmoja chini yake, ndio jibu lenyewe. Kalama apiga honi.

Sitarudi Siyu.