Udi Wangu na Kifua cha Salma

Ijumaa, alasiri. Joto la nje halisemeki.

Assalamu alaikum nyote huko Unguja. Dada Zuwena, hujambo? Shemegi Khamis na mguu wake je? Rukia, uliyenifungulia shajara hii ya mtandaoni, Mungu akulipe. Mamkwe wako nnamsalimu, na jirani Bi Mwanaisha, ambaye najua huja kusomewa haya. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Leo nimekaribia kumuua mwanangu.

Mwajua Salma kila Ijumaa asubuhi huenda yoga ya wanawake, kwenye villa moja hapa mtaani kwetu Madinat Sultan Qaboos, huku Uarabuni. Huenda na Nakato, msichana wa Kiganda anayenisaidia nyumbani. Mimi nilikuwa nnaogopa. Nilisikia yoga ni ibada ya sanamu, kwamba ukifumba macho kule unaingiwa na shetani. Leo nikasema, na mie naja.

Nikabeba chetezo, makaa na udi wangu. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Tena udi wenyewe nikausomea Ayatul Kursiy, uwe kinga. Chetezo kimoja, nia mbili.

Kufika, sikuona sanamu wala nini. Niliona wanawake kumi, wa kila rangi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko mie, amekaa kitini. Mwengine ana mguu wa bandia. Nakato yuko mstari wa mbele kabisa, na Salma, binti wa tajiri wake, nyuma yake, wala hakuna anayejali. Mwalimu, mama wa Kihindi, akaniambia kwa Kiarabu kila mtu abaki na dini yake. Akasema fundisho la kwanza la yoga si kujikunja, ni kutomdhuru mtu, hata nafsi yako mwenyewe.

Nikapenda maneno yale. Wallahi nikayapenda.

Walipofumba macho nikawasha udi, nikawapitia mmoja mmoja kama kwenye harusi. Yule bibi wa kitini akafumbua jicho moja. "We Bi Harusi, watufukiza, kwani sisi kanzu?" Watu wakacheka. Kwa Salma nikasimama zaidi, maana yeye ndiye niliyemwogopea.

Akaanza kukohoa. Kisha kikohozi kikakatika, kifua kikabaki kinalia kama filimbi, na midomo ikabadilika rangi.

"Mama, toa hiyo kitu nje. Haraka," Nakato akaniambia. Akatia mkono kwenye mkoba wa Salma, akatoa dawa ya kuvuta bila hata kutafuta. Alijua ipo mfuko gani. Salma akavuta mara mbili, tatu. Mwalimu akakaa nyuma yake, akamshika mgongo, akawa anamhesabia: ingiza kidogo, toa polepole.

Mie nimesimama uani na chetezo.

Pumzi zilipomrudi nikamuuliza Nakato tangu lini.

"Miaka mitatu, Mama. Ni pumu. Daktari alisema asikae kwa moshi. Ndiyo mimi nafungua madirisha kila Ijumaa ukifukiza, na wewe unanigombeza eti natoa baridi ya AC."

Miaka mitatu nnamgombeza.

Salma akanishika mkono. "Mama, tangu Baba afe huna raha nyengine ila huo udi. Ningekunyang'anya vipi? Nikaona bora mie nijifunze kupumua."

Nikazima makaa, tukarudi nyumbani.

Amelala, kifua kimetulia, nimeshamwendea mara nne kumsikiliza. Udi wote nimeutia kwenye mfuko, Nakato ameupeleka kwa yule bibi wa kitini. Yeye anaishi peke yake, na anaujua utamu wake. Nyumba hainuki kitu. Ijumaa ijayo ntarudi yoga, nikae kitini kama yeye, kama watanipokea.

Dada, mwaka jana Salma alikaa kwenu mwezi mzima. Lazima mlimsikia kifua. Sikuulizi kwa ugomvi. Nnataka kujua tu ni mangapi mwanangu huwaambia watu wengine ili mie nisiumie.

Kama nyote mlijua isipokuwa mimi, niambie. Usingoje kesho. Hata neno moja.