Neno la Kumwandikia Bwana Shauri

Mhunze, 9 Machi 1952

Mdogo wangu Bartholomeo,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo huko Geita? Apolonia hajambo, na mimba yake inaendeleaje? Kifua chako kimepona lile vumbi la mgodini? Mimi naandika nimekaa upande, maana mgongo hautaki kuegemea kitu. Nisikufiche. Bujiku alinimwagia maji ya ugali yakiwa yanachemka, kwa sababu ndama mmoja alibaki mbugani. Mwaka jana alinivunja mkono. Na ile mimba yangu iliyotoka, uliyoambiwa nilianguka kisimani, sikuanguka.

Nilikwenda kwenye baraza la mtemi kuomba kuachana naye. Wakaniuliza mume wangu ananitenda nini. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale katikati ya banamhala, wazee wenzake. Unajua kwetu mkwe hatajiwi mambo ya nyumba ya mwanawe, hata usoni hatumtazami. Niliinamisha kichwa. Wakangoja, kisha wakasema mwanamke hana neno, arudi kwake.

Sasa nataka kwenda kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, Shinyanga. Kinywa changu hakitafunguka hata huko, najijua, kwa hiyo karatasi ndiyo iseme. Tena iseme Kiingereza, aisome mwenyewe, isipitie kwa karani wa baraza, anayekunywa pombe na Bujiku. Msomi wetu ni wewe. Mimi katekisimu ilinifikisha kwenye Kiswahili tu.

Nakuomba jambo moja: usiseme "mkali". Mkali ni mwalimu, mkali ni mbwa, hata tumbaku tunasema ni kali. Mtu akisikia una mume mkali anacheka, kisha anakuuliza ulimfanya nini. Nitafutie neno la Kizungu ambalo mtu akilisoma hacheki.

Dada yako,
Mbuke

Geita, 25 Machi 1952

Dada yangu, shikamoo.

Sisi huku tunapumua, Apolonia amekuwa mzito na hasira zake zimekuwa za karibu, lakini hajambo. Barua yako niliisoma mlangoni pa ofisi nikashindwa kurudi ndani. Mgongo unaupaka nini? Usipake samli, nakuomba.

Nimefikiria hilo neno. Wazungu wamejaliwa maneno ya ukali, dada, we acha tu. Kuna "strict", hilo naliandika kila mara kwenye barua za manyapara wanaohama mgodi, na ni sifa, maana yake mtu wa utaratibu asiyevumilia uzembe. "Stern" ni uso usiocheka, kama wa yule padre wetu wa zamani. "Severe" nakutana nalo kwenye adhabu na magonjwa. "Harsh" ni la mtu asiye na huruma, linakwaruza hata mdomoni. Lakini Bujiku hayumo humo. Bujiku ni "cruel". Huyo ni mtu anayeona unaumia, na anaendelea.

Sasa nikuulize kwa upole. Umewafikiria ng'ombe? Mahari yako marehemu baba aliipokea kwa mkono huu akaitoa kwa mkono huu, ndiyo iliyomwoa Apolonia. Ukiachika, Bujiku atawadai, na wa kudaiwa ni mimi, nisiye na hata kwato. Baba yake Apolonia ameshasikia, sijui kwa nani. Anasema ng'ombe wakianza kurudi, na binti yake atarudi, na mtoto tumboni. Sisemi usiende. Nasema tu ujue.

Nitaandika, na nitaituma moja kwa moja Shinyanga.

Mdogo wako mpenzi,
Bartholomeo

Mhunze, 11 Aprili 1952

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia nyumba yako ni nzima. Mpe pole Apolonia, mwambie hasira za mimba huisha. Mgongo umeanza kukauka, ila kulala bado.

Ng'ombe nimewafikiria. Siku wanaingia zizini kwa baba niliwapigia vigelegele kwa ajili yako, si kwa ajili ya Bujiku. Nikiachika nitalima pamba, tutalipa mimi na wewe mpaka waishe, hata tukizeeka. Lakini nikibaki hapa nitakufa, Bartholomeo. Sisemi kwa hasira. Nasema kama mtu anavyosema mvua itanyesha.

Weka lile neno la mwisho. Nimeliandika kwa mkaa nyuma ya ghala nipate kulizoea, nalitamka nikitwanga. Bwana Shauri akilisoma nitalijua.

Dada yako,
Mbuke

Mhunze, 2 Juni 1952

Bartholomeo,

Hujambo? Apolonia amejifungua salama? Mimi nimetoka Shinyanga.

Barua yako Bwana Shauri aliisoma kwa sauti, kisha mkalimani akageuza. Bujiku alikuwepo, na baba yake mbele yangu, karibu kama mlango. Mimi nilisikiliza Kiingereza. Nikasikia "strict". Nikadhani hilo linatangulia tu, jingine linakuja nyuma. Likaja tena lile lile. Bwana Shauri akaikunja karatasi. Maji ya ugali hayakutajwa, wala mkono.

Mkalimani akasema: mama huyu analalamika kwamba mumewe anapenda utaratibu. Watu wakacheka. Bwana Shauri naye akatabasamu, akamwambia Bujiku utaratibu ni jambo jema ila asizidishe, akauliza kama nina la kuongeza. Ningefunua mgongo tu. Kitambaa kimoja, Bartholomeo, nikivute chini. Baba mkwe alikuwa pale. Nilishika pindo la nguo mpaka vidole vikafa ganzi, nikainamisha kichwa.

Maana ya neno lile ulinifundisha mwenyewe. Heri usingenifundisha, ningedhani umenitetea.

Tumerudi, yeye mbele kwa baiskeli, mimi nyuma kwa miguu. Niambie kwa nini, ingawa najua.

Dada yako,
Mbuke

Geita, 20 Juni 1952

Dada yangu mpendwa, shikamoo, shikamoo tena.

Natumaini barua hii inakukuta u mzima. Niliandika "cruel", naapa kwa kaburi la baba. Niliiandika nikaichana. Mkwe wangu alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti changu, anasubiri kusikia nitaandika nini, na Apolonia analia chumbani. Nikaona neno jepesi litamfanya Bujiku aonywe na ndoa isivunjike, kila mtu abaki na kwake. Si ameonywa? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wewe huijui hofu ya mwanamume ya kunyang'anywa mke na mtoto.

Apolonia amejifungua mtoto wa kike. Tumemwita Mbuke, jina lako. Ana mikono yako.

Nijibu, dada.

Mdogo wako,
Bartholomeo

Geita, 17 Agosti 1952

Dada, shikamoo.

Kimya chako kimeniondolea usingizi. Hujambo? Niambie hilo moja tu.

Nimemwandikia Bwana Shauri upya. Safari hii nimeweka "cruel", nimeeleza maji, mkono na mimba, sikuacha kitu. Ng'ombe nitajua mimi pa kuwatoa. Vumilia kidogo, msaada uko njiani. Mbuke mdogo ameanza kucheka.

Mdogo wako,
Bartholomeo

Mhunze, 30 Novemba 1952

Bartholomeo,

Salamu. Natumaini hamjambo, na mtoto anakua. Mimi nipo.

Barua zako zilifika. Tangu tutoke Shinyanga zinapokelewa dukani na Bujiku, na yeye Kiswahili anasoma kunishinda. Ile ya Agosti alinisomea mbele ya baba yake. Alinionyesha lile neno, akaniuliza maana yake. Nilimwambia sijui Kiingereza. Hakuniamini. Basi maana yake alinifundisha tena. Jicho la kushoto halioni, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka nivumilie.

Kutoka kwa Bwana Shauri jibu lilikuja. Wanasema shauri hili lilikwisha kukatwa, na mwanamke mwenyewe aliulizwa hakuwa na la kuongeza.

Sina hasira nawe, nilikuwa nayo ikaisha kama vingine. Ila mtoto mbadilishieni jina. Nikifikiri kuna mtu huko anaitwa Mbuke, na yeye siku moja ng'ombe wake watakuja na mtafurahi, siwezi hata kutwanga. Msimwite hivyo tena.

Barua hii naituma kwa mtu anayekuja huko, Bujiku hajui. Usijibu.

Mke wa Bujiku