Kiwiko cha Zapryan

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha. Karatasi hii yenye picha yako tutaibandika mlangoni kwetu, kwenye lango la hospitali na pale kituo cha basi, kama wafanyavyo wote hapa Asenovgrad, na wapita njia watasimama wasome. Baba hataki. Siku hizi Baba hataki mtu akutaje isipokuwa yeye mwenyewe, lakini safari hii tumemzidi kura.

Daktari Genoveva Mutafova, Gena wetu, ulikuwa na mikono mipole na ulimi mkali. Kazi yako ilikuwa kutafuta mishipa ya fahamu ya mkono kwa altrasaundi, kabla mpasuaji hajashika kisu. Ulikuwa ukitelezesha kile kifaa kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko huku macho yako yakiwa kwenye kioo cha mashine, na ukiupata mshipa, unauchora juu ya ngozi kwa kalamu ya zambarau, ili mpasuaji ajue pa kukwepa. "Vidole vya mtu viko humu," ulikuwa ukituambia. "Ukikatwa huu, hata kifungo cha shati hakifungi tena."

Mazoezi uliyafanya kwa Baba. Ulikuja na ile mashine ndogo ya kubeba kila Jumapili, ukamlaza kochini, ukamchora mkono hadi akafanana na ramani ya barabara. Jumatatu alikwenda kununua mkate bila kunawa, mikono ya shati amekunja, ili watu waone.

Unaikumbuka Jumapili ile ya rakia, pombe yake kali ya matunda? Wewe umekishikilia kifaa kwenye kiwiko chake, yeye akainua glasi anywe, nawe ukapiga kelele, "Inua tena!" Akanywa. "Tena, Zapryan!" Akanywa tena. Kwake, kusikia hayo kwako wewe uliyekuwa ukiificha chupa nyuma ya unga, ulikuwa muujiza. Hakukuuliza sababu, asije akauharibu. Aliibeba Jumapili hiyo moyoni kama siri yenu wawili.

Siri nyingine ilikuwa jeli, ile ya kupaka ngozini kabla ya kifaa. Ulikuwa ukiiweka chupa kwapani mwako kwanza ipate joto, ndipo umpake. Baba aliamini hayo ni mapenzi yake peke yake.

Basi siku ya arobaini yako, tulipokuwa tukigawa ngano ya kuchemsha yenye sukari, Pavlina mshonaji akanyoosha mkono wake mbele ya watu. "Mshipa wangu aliupata hapa," akasema, "na jeli akaipasha kwanza, Mungu amrehemu."

Baba akashusha kijiko. "Na wewe alikupashia?"

"Alitupashia wote, Mzee Zapryan. Kwani yako ilikuwa ya baridi?"

Watu wakacheka kidogo, wakajizuia. Baba akaingia jikoni, na Shangazi Stoyna, dada yake, akamfuata. "Miaka yote nilidhani ni mimi tu," Baba akamwambia.

"Ulitaka awagandishe watu ili wewe uonekane unapendwa? Kula ngano yako."

Hakula. Tangu siku hiyo akawa na wivu na kila mkono mjini. Akimwona mtu anapunga, ananuna. Lakini aliyemchoma zaidi ni Lachezar, mwanafunzi wako, yule mrefu uliyekuwa ukimwita mwanangu. "Kijana huyo amekaa na mke wangu saa nyingi kuliko mimi, tena kwenye chumba cha giza cha mashine," alikuwa akisema mezani, "na mnataka nimsalimie?"

Gaida yake, ile zumari ya mfuko wa ngozi, Mama, ilining'inia ukutani mwaka mzima. Kwenye nyumba ya msiba hakupigwi muziki, hata kama mwenye nyumba ameishi kwa kupiga muziki kwenye harusi. Aliapa kwamba mwaka ukiisha wimbo wa kwanza utakuwa wako, kaburini. Ila ule mfuko wa ngozi hubanwa kwa kiwiko cha kushoto, na kiwiko chenyewe majira ya kuchipua kikaanza kukwama kama mlango ulionyeshewa. Vipande vya mfupa vilikuwa vimekatika na kuelea ndani. Mpasuaji akasema atavitoa kwa vitundu vidogo, lakini mshipa wa kidole cha mwisho unapita palepale. Ukiguswa, vidole vinakufa ganzi, na gaida ndiyo basi. Ni lazima uchorwe kwanza. Na mchoraji sasa ni Lachezar.

"Huyo hanigusi," Baba akasema. "Bora nikatwe kwa kubahatisha."

"Halafu Gena umpigie nini?" Shangazi akamuuliza. "Mluzi?"

Akaenda, akiwa amekunja uso. Mimi Iskra, binti yako, nilisimama mlangoni, nikashuhudia. Lachezar alichukua chupa ya jeli, akaibana kwapani, akasubiri. Baba akawaka. "Itoe hiyo! Hiyo ni yake!" Akampokonya kalamu, akajichorea mstari nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko. "Uko hapa. Mke wangu aliuchora kabla wewe hujaota ndevu. Kwaheri."

Lachezar hakubisha. Akapaka jeli, akaweka kifaa, na kwenye kioo mshipa ukaonekana, doa lenye vitundu kama sega la asali, palepale chini ya mstari. "Umepatia, mzee." Baba akanitazama kama aliyeshinda mieleka. "Sasa pinda mkono."

"Kwa nini?"

"Mpasuaji atakutoboa mkono ukiwa umepinda. Pinda kama unainua glasi."

Baba akapinda. Lile doa likapanda juu ya mfupa, likaruka, likatua upande wa mbele, palepale ambapo kitundu kingetobolewa. Mstari wake ulibaki nyuma peke yake.

Kisha Baba akauliza polepole, "Glasi? Kwa nini umesema glasi?"

"Ndivyo alivyotufundisha. Mshipa huu wa watu wengi hauruki, wako unaruka. Aligundua hilo ukinywa rakia, akakunywesha hadi akahakikisha. Tukichora mkono ukiwa umenyooka, alikuwa akitugombeza, 'Mmeshamsahau Zapryan?' Tunakiita kiwiko cha Zapryan, mzee. Waliosomea hapa wamelipeleka jina hilo hadi Varna, kule baharini."

"Na jeli?"

"Alisema mara ya kwanza alikupaka ikiwa ya baridi, ukapiga yowe, jirani akaja kuuliza nani anachinjwa. Tangu hapo hakumpaka mtu kabla ya kuipasha."

Baba akageuza uso ukutani, akalia kwa sauti, Mama, jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Alipotulia akasema, "Kwa hiyo kila daktari anakijua kiwiko changu. Na hakuniomba ruhusa." Kisha akampa Lachezar mkono, ukiwa umepinda. "Chora. Na uchore kama yeye."

Vipande vilitolewa salama, na sasa anafunga vifungo vya shati mwenyewe, polepole, mbele ya wageni. Jumamosi baada ya misa gaida itashuka ukutani.

Wivu haujapona. Jana, tulipokuwa tukiandika majina, alisimama nyuma yangu. Amekubali Lachezar aandikwe, mradi awe wa mwisho. Na la kwake alitaka liandikwe hivyo lilivyo hapa chini, asiponyoke hata mpita njia mmoja bila kulisoma.

Wanaokukumbuka leo na siku zote zijazo:

Zapryan, mumeo, mkono wako wa kwanza;
Iskra, binti yako;
Stoyna, wifi yako;
na Lachezar.