Hisa za Mama

Kaka yangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona, na juzi alitembea mwenyewe, mimi na wifi tukimsindikiza, hadi kwa msajili wa hisa. Alikabidhi cheti chake cha hisa za kiwanda, akatia saini fomu ya kuzihamisha. Karani akamweleza kwamba cheti hicho kitafutwa na kipya kutolewa.

"Niandike jina la nani, Mama?"

"La mkwe wangu huyu," akajibu, akamshika wifi mkono.

"Kwani huna mtoto wa kiume?"

"Ninaye. Yeye alimwacha huyu. Mimi sijamwacha."

Wifi alilia palepale, kisha tukarudi tukicheka njia nzima.

Najua ulizitegemea hisa hizo. Usinune, kaka. Mama anakuulizia kila siku, na chumba chako bado tunakifagia.

Ni mimi, kitindamimba wenu