Aliyekaa Sikio la Kulia

Chang'ombe, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umepoa? Na dagaa mwezi huu wanapatikana, au ziwa limenuna? Mimi sijambo. Kiwandani bado niko kwenye mashine za nyuzi, vumbi la pamba linanikohoza, lakini nakula na ninalala.

Barua yako ya gari la sinema lililokuja huko imefika, nami nimeisoma nikanuna. Filamu hiyohiyo nimeiona huku, ile ya mwanamke mpelelezi wakati wa vita, wanayosema ni mambo yaliyotokea kweli. Watu walitoka ukumbini wakigombana. Karani wetu alisema yule mwanamke ni shujaa. Rehema, mwenzangu wa mashine, akamjia juu: "Shujaa gani anakula chakula cha mtu, anacheka naye, kisha anamuuza?" Walibishana mpaka kituo cha basi. Mimi, mle ukumbini gizani, nilijikuta nanong'ona kwa Kiha kila kinachosemwa, hadi jirani yangu akaniuliza, "Dada, unasali?"

Nilikuwa nakunong'oneza wewe, mama. Tangu utoto wangu kazi hiyo ni yangu. Kiswahili chako ni cha kununulia chumvi tu, sikio la kushoto halisikii, na la kulia ndipo ninapokaa mimi. Kumbe safari hii amekaa wifi Monika! Mke wa kaka ni mtu wa Tanga, Kiha chenyewe kakiokoteza mwaloni akinunua samaki. Ati mpelelezi akakwambia ni mtu anayechungulia watu madirishani! Basi wewe na shangazi wa Mwamgongo filamu nzima mkamlaani mwanamke asiye na haya, mkataka achapwe viboko, na balozi wa nyumba kumi alipowaeleza kuwa ile ni kazi ya vita, mkamzomea. Halafu unaniandikia, "Sijacheka hivi tangu uondoke."

Mimi nilikuwa nakufasiria sawasawa, neno kwa neno, na hata siku moja hukucheka hivyo. Naona wivu, mama, sifichi. Umbali nauvumilia, chumba cha kupanga kinachovuja nakivumilia, lakini mtu mwingine kwenye sikio lako, hapana. Nikija likizo nataka nafasi yangu, na yeye akae kushoto azungumze na ukuta.

Kaka Filipo msalimie, na shangazi mwambie kanga yake nimeshainunua, ya rangi aliyoitaka. Majirani wote wa Kasingirima wanaoniulizia, waambie Dar haijanimeza.

Na wewe wifi, najua ile barua uliiandika wewe, na hii ndiwe unayemsomea, umekaa hapohapo kulia. Pale niliposema naona wivu, kwa Kiha chako hicho, umemwambia nimesema nini? Kama amecheka, msomee tena.

Ni mimi binti yako,
Yustina