Afande Wangu Ana Miaka Ishirini na Miwili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia vilevile, ingawa najua marahaba yako ile ya kuvuta sitaisikia tena. Ni mwaka wa nne tangu tukuzike Fukayosi, na kuna habari yangu moja huijui: mwanao nimekuwa askari. Mimi uliyezoea kuniona na sare nyeupe ya uuguzi kwenye zahanati ya Kerege, nimehitimu mafunzo ya jeshi Ijumaa iliyopita, na visigino vyangu vyote viwili vina makovu ya buti.

Jeshi lilitangaza kwamba linahitaji wauguzi wenye uzoefu. Nikaomba kimyakimya kwa kuogopa kuchekwa. Mama alipojua, alicheka kweli. "Kwa umri wako huo, Mwanahawa, ukaruke kichura na watoto?" Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nikamjibu kwamba mimi naenda kutibu watu, kuruka ni kwa wengine. Sikujua kuwa muuguzi wa jeshi lazima awe kuruta kwanza, na kuruta ni kuruta tu. Hakuna anayekuuliza umesoma, umezaa au umezika.

Mkufunzi wetu alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Vigwaza, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko kifua chake. Koplo Salma. Ni mdogo kuliko kitindamimba wetu, Baba. Ungemkuta barazani ungemtuma akuletee maji. Yeye ndiye aliyetupanga mistari, akatuambia lini tule na lini tunyamaze. Siku za kwanza nilimwitikia "ndiyo, afande" kwa midomo tu, moyoni nikisema: haya, mtoto wa watu, furahi.

Juma la pili mdomo ukaniponza. Tulikuwa kwenye kwata, jua la saa sita, nikakosea "nyuma geuka" kwa mara ya tatu na kugongana uso kwa uso na mwenzangu. Koplo akaja mpaka puani pangu.

"Kuruta! Masikio yako umeyaacha wapi?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wasichana wa zahanati: "Nimekusikia, mdogo wangu."

Uwanja mzima ukacheka. Yeye hakucheka. "Mdogo wako umemwacha kwenu," alisema. "Hapa kuna afande. Chini!"

Niliuzunguka uwanja kwa kuruka kichura, Baba, mbele ya mabinti niliowazidi miaka kumi na zaidi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akinihesabia. Nilipomaliza, Koplo akaniuliza, "Mimi ni nani?" Nikasema, afande. "Sijasikia." Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Mchana ule, wenzangu wakila, niliandika barua ya kuomba kuondoka. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikakaa kitandani kusubiri ofisi ifunguliwe. Hapo ndipo uliponijia.

Unakumbuka nguruwe walipomaliza mihogo yetu misimu miwili mfululizo, tukahamia Bagamoyo mjini, ukapata kibarua kwenye mashamba ya chumvi? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nami ndiye niliyekuletea chakula nikitoka shule. Msimamizi wenu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, ndevu zenyewe bado. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye tuta, wewe umeinama ndani ya jaruba la maji ya chumvi na reki yako, miguu imechubuliwa na chumvi.

"Mzee, umekwangua mpaka tope," alikuambia. "Hii haifai. Mwaga, uanze upya."

Na wewe, ambaye kwetu hata wajomba walishusha sauti wakiongea nawe, ukasema, "Sawa, bosi." Ukamwaga. Ukaanza upya.

Nilikusubiri mpaka mlipofunga kazi, na njiani nikakuuliza kama huna haya, mtu mzima kumwita mtoto bosi. Ulisimamisha baiskeli. Nilidhani utanizaba kibao. Ukasema, "Mimi nimekuja hapa najua mihogo, Mwana. Chumvi anaijua yule. Nikimnunia, nani atanifundisha?" Ukapanda tena, nami nyuma, tukaenda nyumbani.

Barua yangu sikuipeleka. Nilimfuata Koplo nyuma ya jiko, alikokuwa akipaka buti zake kiwi, nikasimama mguu sawa. "Afande, naomba unifundishe kugeuka. Sijui."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta dharau imejificha wapi. Kisha akaweka buti chini. "Uzito unauweka pasipo pake. Kisigino cha kulia, vidole vya kushoto. Haya, tena." Alinifundisha hapohapo, mapumziko ya siku nne mfululizo, bila kuniuliza kwa nini.

Siku ya nne nikageuka bila kuyumba. Akatabasamu kidogo, akainamia buti zake, na bila kunitazama akasema, "Unadhani nafurahi? Dada yangu aliyenilea ni rika lako. Siku ile nilipokuadhibu, ugali haukupita."

"Sasa mbona uliniadhibu, afande?"

"Nikikuonea haya wewe, wale wa miaka kumi na tisa watanisikiliza vipi? Na siku wakiwa na bunduki mkononi, nikisema acha, wasiache?" Akasimama. "Haya, mapumziko yamekwisha. Kimbia."

Nikakimbia. Sisemi kwamba tangu siku ile mambo yalikuwa mteremko. Zipo siku alinikemea bila kosa, na zipo siku nilimchukia kweli. Lakini tulipopelekwa kulenga shabaha, nikashindwa kwa kutetemeka, mikono hii ambayo haijawahi kukosa mshipa wa mgonjwa, alilala kwenye mchanga kando yangu na kuninong'oneza: "Vuta pumzi. Toa. Usikimbilie." Alikuwa anaijua kazi yake, Baba. Nilifyatua, nikapata. "Ndiyo, afande" niliyomwitikia pale haikutoka midomoni tu.

Nimemfikiria sana yule kijana wa chumvi pia. Utotoni nilimwona ni mwenye kiburi. Nikikumbuka vizuri, aliposema "mwaga" hakuwa anakutazama wewe. Alikuwa anaitazama chumvi. Labda naye alikuwa na baba nyumbani.

Ijumaa Mama alikuja kwenye gwaride na kanga mpya. Tulipotawanyika, Koplo Salma akatujia, akapiga goti kidogo mbele ya Mama, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, akamshika mkono. "Huyu wangu hajakusumbua?"

"Alinisumbua, mama. Sasa ni askari."

Mama akanigeukia macho yamemtoka. "Ndiye huyu? Mbona mtoto!" Tulicheka wote watatu, mimi nikicheka huku nimekauka kama nguzo, maana afande alikuwa hajaniambia nilegee.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika, maana siku zote hizi nimekuwa nikilizunguka. Baada ya maneno yale ya njiani, Baba, sikurudi kwenye chumvi. Mama aliendelea kunipa hotipoti yako kila siku, nami nikaondoka nayo kila siku. Nilikuwa naona haya wenzangu wa shule wasije wakanikuta na mtu anayeamrishwa na kijana. Nilikula na rafiki zangu kando ya njia, kilichobaki tukawatupia paka, nikarudisha hotipoti tupu. Juma zima.

Na kila ulipofika nyumbani, Mama alikuuliza kama chakula kilikufikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshikilia pazia, nasubiri jibu lako. Ulisema kilifika. Siku ya pili akakuuliza kama kilitosha. Ukasema kilitosha, ukaenda kuoga.

Hukunitazama, hukunisema, hukumwambia Mama mpaka unakufa. Juma lilipokwisha nikakuletea tena. Ukanawa, ukasema bismillahi, ukanisogezea mahali pa kukaa.

Uliishi miaka kumi na minne mingine baada ya hapo, nami sikukuomba radhi. Naiomba leo. Nisamehe. Jumatatu naripoti kazini, chini ya daktari niliyemzidi umri, na nitamwitikia vizuri. Mungu akupe nuru huko uliko.

Niambie kitu kimoja tu, Baba, hata kwa ndoto: juma lile ulikula nini?

Mwanao wa kwanza,
Mwanahawa