Posho Bado

Jumatatu, 3 Juni 1963
Nimefua mashuka ya baba tena. Baridi, maji yanauma vidole. Wifi Mwajuma, mke wa kaka, alishafua nusu kabla sijafika kutoka kwangu Ipuli. Hajalala. Baba huamka kabla ya alfajiri, anafunga mablanketi yake, anajitwisha, anataka kushika njia ya Bagamoyo. Ujanani alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Siku hizi jina langu halijui, ila njia anaijua. Leo wamemkuta kwenye reli.

Jumatano, 5 Juni
Majirani wa hapa Cheyo wanasema mzee amerogwa. Kusema wanaweza, kusaidia hawamo. Baba kampiga wifi kibao akimwogesha. Wifi akacheka, akamaliza kumsugua miguu. Mimi ningemmwagia ndoo nzima. Nasema kweli.

Alhamisi, 6 Juni
Kaka Ramadhani amemfunga baba. Kamba ya katani, mkono kwenye mguu wa kitanda. Nilimkuta hivyo asubuhi, hasira zikanipanda. Baba alikuwa anapiga kelele: "Mimi mpagazi! Si mtumwa!" Zamani njiani aliyefungwa alikuwa mtumwa. Mpagazi alitembea huru, na ujira wake. Mengine yote yamemtoka kichwani, hilo halijamtoka.
Kaka kasimama mlangoni, macho mekundu. Wifi hakugombana naye. Alikata kamba kwa kisu cha mboga, akawa anamkanda baba mkono mpaka akanyamaza.

Ijumaa, 7 Juni
Kaka si mkatili. Kazi yake ya usiku, stesheni, na mchana halali. Wa kumpokea hana. Tena anaamini baba anafanya makusudi. Hapo ndipo mkono unapoinuka. Amesema baba akitoka tena atamfunga tena, treni isije ikamsaga. Naogopa. Nalala hapa leo.

Jumamosi, 8 Juni
Jamani, wifi ana akili! Alfajiri baba kajitwisha mzigo, yuko mlangoni. Wifi hakumshika. Akamwambia taratibu tu, "Posho bado, baba."
Baba akatua mzigo. Akakaa.
Kumbe mpagazi hang'oki kambini kabla hajagawiwa posho yake, chakula cha njiani. Miezi yote hii sisi tunamnyamazisha mzee, wifi anamsikiliza habari zake za njiani. Mimi mtoto wa kuzaa sikuyajua hayo. Nimeona wivu kidogo, kisha nikaona fahari kuwa na wifi kama huyu.
Jioni baba kainuka tena. Kaka kajaribu mwenyewe. "Posho bado." Baba akamjibu, haya, tungoje.

Jumatano, 12 Juni
Leo maneno hayakushika. Baba katoka, kaka kamfuata nyuma mpaka mzee akachoka, wakarudi wote wawili na vumbi. Hakumgusa. Tumepanga zamu: asubuhi mimi, ili wifi alale, jioni kaka.

Jumapili, 16 Juni
Adhuhuri. Wifi kapitiwa na usingizi mkekani, mdomo wazi, kanga imemtoka kichwani. Sijawahi kumwona hivyo. Nikataka kumwita aje kula. Baba akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Kirangozi amelala, akaninong'oneza, yule anayetuongoza njia. Usimwamshe, bila yeye hatufiki.
Nikakaa karibu na baba. Chakula kikapoa.